Gambuti za Wangari

Siku ile mliponiaga pale karakana ya hospitali, mmoja wenu aliniuliza swali na sikulijibu. Keki ilikuwa inakatwa, matroni alikuwa ameanza kuomba, na mtu hawezi kueleza jambo refu akiwa na keki mdomoni. Swali lilikuwa hili: "Mzee Ndirangu, kwa nini ulikuwa unawaita watoto wachanga cucu na guka?" Wengine mlicheka, mtoto mchanga kuitwa bibi na babu. Mlidhani ni uzee.

Sasa nimestaafu. Niko hapa Wamagana na ng'ombe mmoja na kuku wachache, na wakati ninao. Nitajibu, lakini mtanivumilia, kwa sababu mimi sikuzoea kwenda moja kwa moja. Hata shule niliiacha kabla sijamaliza ya msingi. Karo ilikuwa shida, ni kweli, lakini shida kubwa ilikuwa kukaa. Nikiona lori linapita nilitaka kujua linaenda wapi na limebeba nini. Nilichuma kahawa Mukurweini, nikapasua mbao Nanyuki, nikaosha masufuria hotelini Karatina mpaka nikajua kukanda mandazi yasiyonyonya mafuta. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyokwenda, halafu miguu ikaanza kuniwasha. Kushona viatu nilijifunza Kiriaini, kando ya fundi mmoja wa sokoni. Nilikuwa nakaa karibu naye nikimuuliza maswali, mpaka akanipa sindano na uzi ili ninyamaze.

Katika kuzunguka kote huko, kulikuwa na lango moja mjini Nyeri ambalo nilikuwa nalipita bila kuingia. Ni hilo mnaloingia kila asubuhi. Dada yangu Wangari aliwahi kulazwa humo.

Wangari alizaliwa mguu wake wa kulia umegeukia ndani, kama unaotaka kujitazama wayo. Alipokuwa mkubwa wa kutosha kuachwa, mama alimpeleka hospitali ya watoto. Siku hizo mtoto wa mguu kama huo alilazwa na kukaa. Aliwekwa plasta, akapasuliwa, akawekwa plasta tena, kisha akafungwa vyuma na kufundishwa kutembea. Mama alikuwa na kahawa ya kuchuma na sisi wengine wa kulisha. Kutoka kwetu Mukurweini hadi Nyeri kulikuwa safari ya kupangwa, na mvua ikinyesha hakukuwa na safari. Alikwenda alipoweza.

Mavuno yalipita, yakaja mengine, ndipo akarudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimemngojea barabarani. Alipoingia jikoni kwa cucu yetu alisema, "Nataka maji." Alisema kwa Kiswahili. Kule wodini kulikuwa na watoto wa Isiolo, wa Meru, wa kila upande, na lugha yao ilikuwa hiyo moja. Kikuyu chake kilikuwa kimeisha. Cucu hakujua Kiswahili hata cha kusalimia. Alitazama mlangoni kuona ni mgeni gani ameingia, halafu akamuuliza mama, "Huyu umeniletea ni mtoto wa nani?"

Hadithi hiyo ilisimuliwa kwetu kila Krismasi na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wangari hakuwahi kuicheka. Tulipokuwa watu wazima aliniambia kwamba maumivu ameyasahau. Asichosahau ni lango. "Tulikuwa tunapelekwa kuota jua pale karibu na geti," aliniambia. "Kila siku nikiona geti nafikiria leo ndio leo. Halafu sista anaita, haya watoto, turudi. Tunarudi."

Mguu ulinyooka, hilo lazima niliseme. Alitembea, akaolewa, akalima. Lakini ulibaki mgumu na mdogo kuliko mwenzake, na hapo ndipo gambuti zinaingia. Mwanamke wa Mukurweini hawezi kuishi bila gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Kuna tope, kuna zizi, kuna migomba. Wangari alikuwa ananunua pea mbili kila mara, moja ya mguu mkubwa na moja ya mguu mdogo. Zilizobaki, ambazo hazikulingana, alizitundika nyuma ya nyumba. Katika nyingine alipanda dania. Kabla hajaolewa alikuwa akisema, "Nikipata mwanamume mwenye mguu wa kushoto mdogo, huyo ndiye wangu. Tutagawana." Akaolewa na mtu wa miguu sawa, na gambuti zikaendelea kujaa ukutani.

Sasa mimi niliingiaje? Mfanyabiashara mmoja wa ngozi mjini alinituma nipeleke ngozi ya soli karakana ya hospitali, wanakotengeneza viatu na vyuma vya miguu ya watoto. Nilijiambia nitaiweka mlangoni nirudi. Ndani nilimkuta Mzee Juma, mtu wa Majengo, kofia yake nyeupe imejaa vumbi la chuma, anakunja upau wa chuma juu ya fuawe. Aliupiga hapa, akautazama, akaupiga pale. Nikamuuliza kwa nini anaukunja hapo na si chini kidogo.

Hakuinua kichwa. "Swali la kwanza ni bure," alisema. "La pili unashika nyundo."

Nilikuwa nalo la pili. Yule mfanyabiashara alinisubiri mpaka akafunga duka. Nilikaa katika karakana hiyo mpaka nywele zikawa hizi mlizoziona, na ndiyo kazi pekee ambayo miguu haikuniwasha. Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na miguu miwili iliyofanana. Kila mtoto aliyeingia alikuwa swali jipya.

Aliyonifundisha Mzee Juma nimewafundisha mengi, mengine mliyaona ya kizamani. Tazama kiatu cha zamani kabla hujatazama mguu. Upande ulioliwa utakuambia mtoto anakanyagaje wakati hakuna daktari anayemtazama. Kifungo cha mkanda kikae upande wa nje, kikikaa ndani kitachuna mguu wa pili. Usipime mguu wa mtoto aliyelala, mguu uliolala ni mwembamba na mwongo. Na usitumie ngozi iliyohifadhiwa kwa chumvi bila kuiosha vizuri.

Hilo la chumvi tulijifunza kwa aibu. Mimi nilikuwa nimeshona pea safi kabisa ya mtoto wa Tetu, na mama yake akarudi juma lililofuata na kiatu kimoja. "Kingine kiko wapi?" Mzee Juma akauliza. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe amekila. Alikuwa ameviweka juani kwenye ua, ng'ombe akanusa chumvi, akala mikanda yote na nusu ya soli. Mzee Juma alinitazama mimi, akamtazama mama, akasema, "Basi pole mama, ng'ombe amekula jamaa yake." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilirudi kuosha ngozi.

Sasa la cucu na guka.

Mzee Juma hakuwa Mkikuyu, na labda ndiyo sababu aliliona. Sisi tulikuwa tumelizoea. Siku moja aliniambia, "Nyinyi mna mambo. Mtoto hajaota meno, mnamwita baba."

Nikamweleza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na msichana wa kwanza jina la mama wa baba yake, na wanaofuata hupewa majina ya upande wa mama. Hapewi jina tu. Anakuwa yule mtu. Mwanamke akimwita mwanawe mdogo "baba" hatanii, anamwita baba yake mzazi. Cucu anamsalimia mjukuu aliyepewa jina lake kama anayejisalimia, na akimletea ndizi mbivu anasema amejiletea mwenyewe.

Mzee Juma alisikiliza mpaka mwisho, na nyundo yake imetulia. Kesho yake aliletwa mvulana aliyekuwa akipiga mateke kila anayemkaribia na vyuma. Wauguzi wawili walikuwa wameshindwa. Mzee Juma aliketi sakafuni mbele yake, akavua kofia, akauliza, "Nyumbani kwenu wewe ni nani?"

Mvulana akaacha kupiga mateke. "Mimi ni guka," akasema.

"Kumbe. Shikamoo guka. Samahani, hawa vijana hawakukujua. Guka, tuna vyuma hapa, na sisi hatuna uhakika kama vinatosha. Unaweza kutuangalizia?"

Yule mtoto alijifuta kamasi, akanyoosha mguu kama mzee anayenyoosha mguu kwenye jua. Akatwambia pale pamebana. Pale palikuwa pamebana kweli.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mtoto anayeogopa ni mdogo na hana la kusema. Mwite cucu, mwite guka, na anakumbuka kwamba nyumbani kuna mahali anapoheshimiwa, na watu wanaomtaka arudi. Hata mchanga asiyesema bado, mama yake anasikia, na mkono wake unalegea.

Halafu mambo yakabadilika. Madaktari walikuja na njia mpya ambayo nyinyi mmeikuta. Mtoto analetwa akiwa na siku chache tu, mguu bado laini. Unageuzwa taratibu na kuwekwa plasta, wiki inayofuata plasta inatolewa, unageuzwa kidogo tena. Mwishoni kuna kukatwa kidogo kwa ule mshipa wa kisigino, na viatu vidogo vilivyounganishwa kwa upau, ambavyo mtoto anavaa mchana na usiku mwanzoni, na baadaye wakati wa kulala tu kwa miaka. Halazwi. Anakuja na kurudi siku hiyo hiyo. Mzee Juma alikuwa karibu kustaafu. Alishika kile kiatu chenye upau, akakigeuza huku na huku, akasema, "Kazi yetu imekwisha, Ndirangu. Alhamdulillahi." Vyuma vya zamani tulivitundika ukutani, na mwingine wenu alikuwa anatundikia koti.

Njia hiyo ina shida moja kwetu, mnaijua. Plasta ni kazi ya hospitali, lakini viatu ni kazi ya nyumbani. Mtoto akilia usiku cucu anavivua. Mama akitaka kumbeba mgongoni aende shambani, upau unamzuia, anauvua. Kisha mguu unarudi ulikotoka, polepole, bila mtu kuona. Ndiyo sababu niliwaambia mwonyesheni mama, hapo hapo, namna ya kumbeba mtoto ubavuni na leso mbele. Msimpe maneno tu. Mfungeni leso mwilini.

Nilikuwa nimefika hapo katika kazi, nikijiona mjuzi, siku Kariuki aliponipigia simu. Kariuki ni mwana wa dada yangu Wangari. Mkewe, Njeri, alikuwa amejifungua msichana, wa kwanza wao, kwa hiyo jina halikuhitaji mkutano. Aliitwa Wangari.

"Mjomba," akasema, "ule mguu umekuja."

"Wa kulia?"

"Wa kulia. Kama wa mama."

"Mlete kesho."

"Mama amekataa. Amemchukua mtoto, amemweka kwake."

Kwetu hakuna sheria iliyoandikwa kwamba cucu ana amri juu ya mtoto wa jina lake. Lakini nitajieni mtu aliyewahi kumnyang'anya.

Nilikwenda Mukurweini. Nilimkuta Wangari ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, mtoto mapajani, Njeri anamenya viazi kwa macho mekundu. Nilisalimia, nikapewa chai, nikaanza kueleza. Nilisema mguu wa mtoto mchanga ni kama udongo uliolowa, leo unageuka, baadaye unakauka. Nilisema kila wiki inayopita inaupotezea ulaini.

"Unajua mambo ya ngozi, Ndirangu," Wangari akasema. "Ngozi hailii."

"Siku hizi hawalazi, Wangari."

"Hata mama aliambiwa si siku nyingi."

"Utakuwa ukirudi naye jioni."

"Sikiza." Alikuwa anamtazama mtoto, si mimi. "Huyu ni mimi. Na mimi nilishaenda huko. Nilikaa zamu yetu sote wawili, nikamaliza. Atatembea vile mimi hutembea. Kwani nimekufa?"

Nilitazama ukuta wa nyuma, gambuti zimepangwa pale, kubwa kwa ndogo, dania imechomoza katika moja. Mtu akikuambia hivyo utamwambia nini, kwamba alivyotembea maisha yake yote hakutosha? Nilikunywa chai. Nilipoinuka nilimwambia neno moja tu.

"Njoo naye wewe mwenyewe. Umshike kutoka geti mpaka geti. Mtu yeyote akimtoa mkononi mwako, geuka, uende zako, nami nitakubebea mfuko."

Njeri alinisindikiza mpaka barabarani, nikamwambia siku ya kliniki.

Siku ya kliniki nilisimama mlangoni mwa karakana tangu mapema, nikijifanya napanga mbao. Kina mama waliingia na watoto wao, wakajaa kwenye mabenchi. Karibu nilikata tamaa. Halafu nikaona gambuti, safi, zimeoshwa, moja kubwa na moja ndogo, zinapita langoni polepole. Wangari alikuwa amembeba mtoto mgongoni na leso imefungwa mafundo mawili. Njeri alikuwa nyuma na mfuko.

Tuliingia pamoja chumba cha plasta. Muuguzi, msichana mzuri, mwenye haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, alinyoosha mikono kama anavyofanya kwa kila mtoto. "Haya shosho, nipatie."

Wangari alirudi nyuma hatua moja. Kisha akatazama mlango.

Muuguzi akanitazama mimi. Bandeji ilikuwa tayari imelowa katika beseni, na mnajua plasta haisubiri. Nilijua nikisema na dada yangu ataondoka, kwa sababu tulikuwa tumeshasema yote na alikuwa ameshinda. Kwa hiyo sikusema naye. Nilivua kofia, nikamzunguka, nikasimama mgongoni mwake alipokuwa mtoto, uso wake mdogo unachungulia kwenye leso. Nikafanya kazi yangu kama nilivyofundishwa.

"Wangari," nikamwambia mtoto. "Umefika. Ni mimi Ndirangu, ndugu yako. Ile mara ya kwanza ulikaa sana, na sisi tulikungoja sana. Nilikuwa naenda barabarani kukutazamia, watu wa gari wakanijua jina. Sasa sikiza. Leo hulali hapa. Utavaa plasta, utalia kidogo, nasi tutanunua ndizi, na utarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Na huyu aliyekubeba hatakuachilia. Nimemuuliza."

Mtoto alinitazama kama wanavyotazama wachanga, hajui chochote. Lakini mgongo uliombeba nilikuwa nauona. Ulikuwa umenyooka kama ubao, kisha ukashuka.

Wangari alifungua fundo la kwanza, halafu la pili. Aliketi kwenye benchi, akampakata mtoto, akautoa ule mguu kwenye shali na kuushika mwenyewe, kisigino katika kiganja.

"Fanyia hapa," akamwambia muuguzi. "Kwa miguu yangu."

Basi plasta ya kwanza iliwekwa juu ya mapaja ya cucu, maji meupe yakimtiririkia kwenye gambuti. Mtoto alilia kidogo, Njeri akamnyonyesha, akanyamaza. Tangu siku hiyo muuguzi yule alikuwa anafanya hivyo kwa kila mtoto aliyeogopa, na nyinyi mmeikuta hivyo mkadhani iko kwenye kitabu.

Niliwasindikiza. Tulipofika langoni Wangari alisimama. Nilidhani kuna kitu amesahau. Hakuwa amesahau. Alisimama pale na mtoto kifuani, mgongo kwa hospitali, kichwa ameinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza. Askari wa lango alimtazama, akanitazama. Njeri alikuwa ameshavuka, akageuka kutungoja. Nilijua anasubiri nini. Nikasubiri naye. Nyuma yetu kulikuwa na kelele za kawaida za hospitali, beseni, mtoto analia, mtu anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu.

Hakuna sista aliyeita.

"Haya," Wangari akasema, na akavuka.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida. Plasta zilifuatana, ule mshipa ukakatwa, vikaja viatu vya upau, ambavyo nilivishonea mikanda mwenyewe, ngozi imeoshwa. Nilikuwa na wasiwasi na nyumbani, kama kawaida, mpaka Kariuki aliponiambia mama yake amehamishia kitanda cha mtoto chumbani kwake. Huyu hakuwa cucu wa kuvivua. "Mtu aguse hizo viatu," alikuwa akisema, "ataniona." Mume wake mwenyewe alijaribu mara moja, mtoto analia, na alilala jikoni.

Hilo ndilo jibu langu, vijana. Mkiwa na haraka, na foleni ni ndefu, bado mnaweza kumuuliza mtoto nyumbani kwao yeye ni nani. Hakuchukui muda mrefu.

Mvua za mwaka huu zilipoanza nilikwenda Mukurweini kumtembelea dada yangu, nikawakuta wanatoka kwenda sokoni, yeye na Wangari mdogo, ambaye sasa anaenda shule na haachi kuuliza maswali. Nasikia amenifuata mimi. Walikuwa wanamtafutia gambuti, nikafuatana nao. Yule mwenye duka anamjua dada yangu miaka mingi, na pea zake mbili mbili. Alipotuona tu hakungoja kuambiwa. Aliinua fimbo yake, akashusha pea moja ndogo kutoka kwenye msumari, akashusha na nyingine kubwa kidogo, akaziweka zote mbili kwenye meza.

Wangari aliinama, akamvisha mtoto ile pea moja, kushoto na kulia, akabonyeza mbele kwa kidole gumba. Akamwambia atembee mpaka mlangoni na kurudi. Akatembea, akarudi mbio.

"Hii tu," Wangari akamwambia mwenye duka.

Yeye hakuelewa. Alibaki ameishika ile nyingine, mpaka alipotazama miguu ya mtoto. Ndipo akainua fimbo, akairudisha kwenye msumari.